Fizi za mtoto zinatoa damu: jinsi ya kujua kama ni uchafu, bakteria wakali au ugonjwa wa kurithi

Wazazi wenye mtoto anayetoka damu kwenye fizi hukwama palepale kila siku. Wakiona damu kwenye mswaki, wanapunguza kuswaki ili "kidonda kipone". Uchafu unazidi, damu nayo inazidi, wanahamia kwenye maji ya chumvi, kisha karafuu, kisha dawa ya kusukutua iliyosifiwa na jirani. Wengine wanafanya kinyume: wanamsugua mtoto kwa nguvu na kumgombeza kwa ajili ya pipi, na jino linalegea vilevile, kwa sababu tatizo la mtoto huyo halikuwa pipi tangu mwanzo.

Mwongozo huu umejengwa juu ya swali moja: je, uchafu uliopo kinywani unatosha kueleza madhara yaliyopo? Ukitosha, kazi ni ya nyumbani na wiki mbili zitakuonyesha mabadiliko. Usipotosha, yaani meno ni masafi kiasi lakini fizi zinavuja damu au jino linacheza, basi huenda kuna bakteria wakali, au mwili wa mtoto, hasa kinga yake, una hitilafu ambayo mara nyingi ni ya kurithi. Hapo mswaki peke yake hauokoi jino.

## Vitu vya kuandaa

- Tochi yenye mwanga mweupe, au simu ya mtu wa pili. Mwanga wa dirishani hautoshi kwa magego.
- Mswaki wa mtoto wenye nyuzi laini. Ule wa kwako ni mkubwa, hauingii nyuma.
- Dawa ya meno yenye floraidi. Soma boksi: itafute namba ya ppm, iwe 1000 au zaidi.
- Rangi nyekundu ya chakula, ile ya kutilia keki, pamoja na vijiti vya pamba vya masikioni.
- Kipande cha shashi au kitambaa cheupe kilichofuliwa.
- Mafuta ya kupaka midomo na fulana kuukuu, maana rangi itadondoka.
- Daftari, kalamu na kalenda.
- Kadi ya kliniki ya mtoto na orodha ya dawa anazotumia kila siku.

Usiandae pini, kijiti cha meno wala kitu chochote chenye ncha. Kupima kina cha fizi ni kazi ya daktari wa meno na kifaa chake.

## Kabla ya kuanza: hali ambazo hazisubiri mwongozo

Mpeleke mtoto hospitali leo hii, usianze hatua yoyote, ukiona mojawapo ya hali mbili za kwanza hapa chini.

Fizi ina kidonda cha kijivu au cheusi, kinywa kinanuka kuoza, shavu limevimba, na mtoto amedhoofu au ametoka kuugua surua au malaria. Huo unaweza kuwa mwanzo wa ugonjwa uitwao noma, ambao huwapata zaidi watoto wa miaka 2 hadi 6 wenye utapiamlo na ambao hula shavu na mfupa ndani ya siku chache. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani liliuingiza kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika. Ukiwahiwa katika hatua ya fizi, antibayotiki, usafi wa kinywa na lishe huuzuia. Ukichelewa, wengi hufa, na wanaopona hubaki na kovu la uso maisha yote.

Fizi zimevimba na zinavuja damu zenyewe bila kuguswa, mtoto amepauka, ana homa za mara kwa mara na michubuko ambayo hakuna anayejua ilipotoka. Hapo kinachohitajika kwanza ni kipimo cha damu, kwa sababu saratani ya damu kwa watoto wakati mwingine hujionyesha kwenye fizi kabla ya mahali pengine.

Kuna na hali ya tatu, isiyotisha kiasi hicho ila huchanganya watu. Mtoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5 anapata homa ya ghafla, fizi zote zinakuwa nyekundu, na vidonda vidogovidogo vinatokea ulimini na midomoni. Mara nyingi hicho ni kirusi cha hepesi, na hupona chenyewe ndani ya wiki moja hadi mbili. Mpe vinywaji vya baridi na parasetamoli kwa kipimo cha umri wake, usimpe aspirini, na kama amekataa kunywa kabisa nenda hospitali. Subiri apone ndipo uanze hatua ya 1.

## Hatua ya 1: Mlaze, usimsimamishe

Mtoto aliyesimama mbele yako akifungua mdomo anakuonyesha meno ya mbele tu. Mlaze chali, kichwa chake kikiwa mapajani mwako, wewe ukimtazama kutoka utosini. Kwa mtoto mdogo mkae watu wazima wawili mkitazamana, magoti yakigusana, mtoto akilala juu ya mapaja yenu: mmoja anashika mikono, mwingine anaangalia. Chagua saa ambayo ameshiba na hana usingizi.

Inua mdomo kwa kidole, si kwa mswaki. Anza gego la mwisho juu kulia, zunguka hadi juu kushoto, shuka chini kushoto, malizia chini kulia. Mpangilio huu una sababu: ukianza popote utarudia meno ya mbele mara tatu na kuyasahau magego, na magego ndiyo yenye habari.

Piga picha kila upande. Umefanikiwa ukiwa umeona mstari wa fizi wa kila jino, nje na ndani, pamoja na nyuma ya gego la mwisho.

## Hatua ya 2: Isome fizi kwa umbo, si kwa rangi

Maelezo mengi ya afya ya kinywa husema fizi yenye afya ni ya waridi. Kwa watoto wetu wengi hilo si kweli. Fizi nyeusi, ya kahawia au yenye mabaka ni ya kawaida kabisa kwa mtu mweusi, na nimeona wazazi wakiisugua hadi kuichubua wakidhani ni uchafu. Vilevile fizi iliyoungua kwa bakteria, yaani iliyovimba na kuwa nyekundu, inaweza kuficha wekundu wake chini ya weusi huo. Kwa hiyo tazama mambo haya:

Ukingo. Fizi nzima, yaani yenye afya, imelibana jino, na kati ya jino na jino inachongoka. Fizi mgonjwa huwa butu, imetuna na inang'aa.

Damu. Pitisha mswaki mkavu taratibu kwenye mstari wa fizi. Fizi nzima haitoi damu kwa mguso huo.

Usaha. Zungushia kidole shashi, kisha bonyeza fizi kwa upole ukielekea kwenye jino. Kitone cheupe au cha njano kikitokea ukingoni, andika ni jino gani. Usaha kwenye fizi ya mtoto ni sababu tosha ya kwenda kliniki ya meno, hata kama hatua nyingine zote ziko shwari.

Urefu wa jino. Jino moja likionekana refu kuliko pacha wake wa upande wa pili, huenda fizi imerudi nyuma.

Tahadhari mbili. Fizi ya mahali jino linapoota huvimba na kuwa laini, hilo ni la kawaida. Pili, mtoto anayetumia fenitoini kwa ajili ya kifafa anaweza kuota fizi nene zinazofunika meno. Usimwachishe dawa hata siku moja, ila mwambie daktari aliyemwandikia.

## Hatua ya 3: Upake uchafu rangi

Ukoga, yaani ule utando laini wa bakteria, una rangi ya jino lenyewe. Ndiyo maana mzazi huapa kuwa meno ni masafi. Mpake mtoto mafuta midomoni, mvalishe fulana kuukuu, tia matone matatu au manne ya rangi ya chakula kwenye kijiko cha maji, na upake meno yote kwa kijiti cha pamba. Asukutue mara moja na kutema.

Palipo na ukoga patabaki pekundu. Jino safi halishiki rangi. Mara nyingi utaona mstari mwekundu mwembamba ukifuata fizi, mnene zaidi upande wa ndani wa magego ya chini, ambako ulimi huzuia mswaki. Tenga pia ugaga, ambao ni ukoga uliogeuka mgumu kwa madini ya mate, wa njano au kahawia. Huo hautoki kwa mswaki hata ukisugua mwaka mzima.

Andika kwa kila sehemu: hakuna, kidogo, au mwingi. Piga picha tena, kisha mswakishe.

## Hatua ya 4: Linganisha uchafu na madhara

Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, na bila hiyo nyingine zote hazina maana. Weka picha za hatua ya 1, ulichokiona hatua ya 2 na picha za hatua ya 3 sambamba, uulize: panapotoka damu, ndipo penye rangi nyekundu?

Uchafu mwingi, damu palepale penye uchafu, hakuna jino linalocheza. Hii ni fizi iliyoungua kwa ukoga wa kawaida. Ndiyo inayowapata watoto wengi, na inapona yote bila kuacha alama. Nenda hatua ya 5.

Uchafu mwingi na damu nyingi kupita kiasi, hasa kwa mtoto chini ya miaka 6. Simama kidogo hapa. Watoto wadogo kwa kawaida huvumilia ukoga kuliko watu wazima: kwa uchafu uleule, fizi zao huungua kidogo. Mtoto wa miaka 4 anayevuja damu kinywa kizima anastahili hatua ya 5, ndiyo, lakini fanya na ya 7 siku hiyohiyo.

Uchafu kidogo, madhara makubwa. Hapa utaenda hatua ya 6 hadi ya 8. Soma sehemu hii mara mbili, hasa kama mtoto wako anakaribia kubalehe.

Kuna bakteria aitwaye *Aggregatibacter actinomycetemcomitans*. Jina ni refu, kazi yake ni rahisi kueleza: hutoa sumu, leukotoksini, inayoua chembe nyeupe za damu zilizotumwa kwenye fizi kupambana naye. Askari wakifa mlangoni, mfupa unaoshika jino huliwa bila fizi kuonyesha fujo kubwa nje. Ukoo mmoja wa bakteria huyu, unaoitwa JP2, umepoteza kipande cha vinasaba kilichokuwa kikizuia sumu hiyo, hivyo huitoa kwa wingi zaidi. Ukoo huo umeonekana hasa kwa watu wenye asili ya Afrika Kaskazini na Magharibi. Nchini Morocco watafiti waliwafuatilia vijana waliokuwa nao, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kuwa hatari yao ya kupoteza mfupa ilikuwa kubwa mara nyingi kuliko ya wenzao wasio na bakteria huyo.

Ugonjwa huu una anwani yake. Hupenda gego la kwanza la ukubwani na meno ya mbele, mara nyingi pande zote mbili kwa mfanano, na huacha mengine. Zamani uliitwa ugonjwa wa fizi wa vijana. Tangu mwaka 2018 wataalamu wanauweka kwenye kundi kubwa la ugonjwa wa mfupa wa meno na kuutaja kwa mtindo wake wa "gego na meno ya mbele", lakini ni uleule.

Hapa kuna mtego. Gego la kwanza la ukubwani huota karibu na umri wa miaka 6, nyuma kabisa ya magego ya utoto, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Wazazi wengi hulihesabu kuwa jino la utoto na kusema "likitoka litaota lingine". Halitaota lingine. Hesabu kutoka katikati ya kinywa kwenda nyuma: jino la sita ni hilo.

Kuwa na bakteria huyu si kuhukumiwa. Watoto wengi wanaye na hawaugui. Kinachoamua ni nani aliyembeba, ana kinga ya namna gani, na ndiyo maana ugonjwa huu huzunguka ndani ya familia moja.

## Hatua ya 5: Siku 14 za kuswaki panapotoka damu

Kwa nini 14? Mwaka 1965 Harald Løe na wenzake mjini Aarhus, Denmark, waliwaomba watu wenye fizi nzima waache kuswaki. Ndani ya wiki mbili hadi tatu wote walikuwa na fizi zilizoungua. Waliporudia kuswaki, fizi zilipona kwa takriban wiki moja. Wiki mbili, basi, ni muda wa haki wa kuupima uchafu kama ndiye mwenye kosa.

1. Swaki mara mbili kwa siku, dakika 2 kila mara. Ukilazimika kukosa moja, isiwe ya usiku, kwa sababu mate hupungua usingizini na bakteria hubaki bila wa kuwasafisha.
2. Wewe ndiye unayeswaki hadi mtoto afike miaka 7 au 8. Akitaka kuswaki mwenyewe, mwache aanze, wewe umalizie.
3. Lalisha mswaki kwa mshazari, nusu ya nyuzi zikiwa juu ya fizi na nusu juu ya jino. Tikisa kwa miondoko midogo, jino moja au mawili kwa wakati. Usipige kwa nguvu kwenda mbele na nyuma.
4. Dawa ya meno: chini ya miaka 3, kiasi cha chembe ya mchele. Miaka 3 hadi 6, punje ya njegere. Ateme, asisukutue kwa maji mengi.
5. Kila usiku andika: damu imetoka wapi, au haikutoka.

Siku tatu nne za mwanzo damu inaweza kuwa nyingi kuliko kabla. Usiache. Hapo ndipo wengi huacha, na hapo ndipo wangeanza kushinda.

Mswaki wa mti unafaa kama umetafunwa hadi ukawa laini, lakini kwenye kinywa kidogo haufiki upande wa ndani wa magego, kwa hiyo hautoshi peke yake kwa wiki hizi mbili. Mkaa, majivu na chumvi kavu weka mbali, vinachubua. Dawa ya kusukutua yenye klorheksidini usimpe mtoto chini ya miaka 6, maana ataimeza. Mkubwa wake aitumie kwa maelekezo ya daktari, na ujue inaacha madoa ya kahawia kwenye meno.

Siku ya 14 paka rangi tena. Umefanikiwa ukiona ukoga umepungua na damu imekwisha au imebaki sehemu moja tu. Kama ugaga ndio uliobaki, mpeleke akakwanguliwe, kisha rudia siku 14. Kama ukoga umeondoka na damu iko palepale, umepata jibu lako: tatizo si uchafu. Usiongeze wiki nyingine mbili kwa matumaini, endelea na hatua ya 6.

## Hatua ya 6: Jino linalocheza, na jino lililodondoka

Meno ya utoto ni 20. Ya mbele chini hutangulia kung'oka, kwa kawaida kati ya miaka 6 na 7, na mengine hufuata hadi karibu miaka 12. Mwezi huu au ule haujalishi. Linalojalisha ni mtoto chini ya miaka 5 kupoteza jino bila kuanguka wala kugongwa. Hilo halina maelezo ya kawaida, na "alianza mapema kama baba yake" si maelezo, ni dalili ya kuchunguza.

Sasa chukua jino lenyewe. Usilitupe juu ya paa kwanza. Jino la utoto lililong'oka kwa wakati wake halina mzizi, au limebaki na kipande kifupi kilicholiwa kwa chini, kwa sababu jino jipya lilipokuwa likipanda mwili uliula mzizi huo. Jino lililodondoka kabla ya wakati likiwa na mzizi mzima, mrefu, uliochongoka, halikusukumwa na jino jipya. Limeachiwa na kilichokuwa kikilishika.

Mojawapo ya sababu ni hipofosfatasia, hitilafu ya jeni iitwayo ALPL. Mwili unakosa kimeng'enya cha kutosha cha kuimarisha mifupa, na tabaka la nje la mzizi linalogandisha jino kwenye mfupa halijengeki vizuri. Jino hutoka bila maumivu, fizi ikiwa karibu nzima. Baadhi ya watoto hao pia huchelewa kutembea au hupinda miguu, wakadhaniwa wana matege ya kukosa jua. Utofauti wake ni muhimu: kwenye matege ya kawaida kipimo cha damu cha kimeng'enya hicho, kiitwacho alkalini fosfatasi, huwa juu, kwenye hipofosfatasia huwa chini.

Kausha jino hilo, liweke kwenye kikopo kidogo, andika tarehe. Ni ushahidi mzuri kuliko maelezo yoyote utakayotoa.

Usiling'oe jino linalocheza la mtoto mdogo kwa uzi. Na kwa mtoto mchanga mwenye homa au kuharisha, kataa mtu yeyote anayetaka kuchokonoa fizi kuondoa "meno ya plastiki". Kinachotolewa ni chipukizi za meno ya kawaida. Watoto wamepata maambukizi mazito na wengine wamekufa kwa jambo hilo, huku ugonjwa halisi ukiachwa bila tiba.

## Hatua ya 7: Kagua mwili, kisha uliza ukoo

Kinga yenye hitilafu haikai kinywani tu. Mvue mtoto nguo, umwangalie mwanga wa mchana, ukipitia kadi yake ya kliniki.

Viganja na nyayo. Ngozi nene, kavu, inayochanika, iliyoanza kati ya mwaka 1 na 4, pamoja na fizi zinazooza na meno ya utoto yanayodondoka mapema: hiyo ni picha ya ugonjwa wa Papillon-Lefèvre. Jeni iitwayo CTSC, iliyoko kwenye kromosomu ya 11, haitoi kimeng'enya ambacho chembe nyeupe hukihitaji kuua bakteria. Ni ugonjwa adimu sana, na mtoto anaweza kuonwa na mtu wa ngozi akampa mafuta, na mtu wa meno akamng'oa meno, bila hao wawili kuzungumza.

Kitovu. Kilidondoka lini? Kikipita wiki tatu au nne, na mtoto ana vidonda visivyotunga usaha na visivyopona, chembe nyeupe huenda hazina uwezo wa kutoka kwenye mshipa kwenda kwenye jeraha. Mama au bibi aliyemwogesha anakumbuka hili kuliko kadi.

Kalenda. Vidonda vya mdomoni na homa vikirudi kila baada ya siku 21 hivi, kisha mtoto akawa mzima katikati, fikiria upungufu wa chembe nyeupe unaokuja kwa mizunguko. Jeni yake ni ELANE, na mzazi mmoja aliye nayo anatosha kuirithisha. Bila kuandika tarehe huwezi kuuona. Ukiandika miezi mitatu, unajionyesha wenyewe.

Nywele zenye rangi ya fedha na ngozi iliyofifia kuliko ndugu zake, pamoja na maambukizi ya mara kwa mara, nazo ziandike.

Kiu, kukojoa sana na kukonda ni kisukari hadi ithibitishwe vinginevyo. Mstari mwekundu mwembamba ukingoni mwa fizi za meno mengi, usioondoka hata ukoga ukiondoka, unataka kipimo cha VVU. Na mtoto mwenye hali ya kuzaliwa iitwayo Down huugua fizi mapema kwa sababu kinga yake ni tofauti, kwa hiyo asilaumiwe mama anayemswaki kila siku.

Kisha ukoo. Usiulize "nani ana ugonjwa wa fizi?" Watu hawaujui kwa jina hilo. Uliza: "Babu alipokuwa na miaka 35, alikuwa na meno mangapi?" "Shangazi alivaa meno bandia akiwa na umri gani?" "Kuna mtoto aliyefariki mdogo kwa homa zisizoisha?" Chora mti wa ukoo, pande zote mbili, na weka alama kwa kila aliyepoteza meno kabla ya miaka 40.

Magonjwa kama Papillon-Lefèvre na ule wa kitovu hufuata kanuni moja: baba na mama ni wazima, kila mmoja amebeba nakala moja mbovu, na kila mimba ina uwezekano wa moja kwa nne wa kuzipokea zote mbili. Wazazi wakiwa ndugu wa damu, uwezekano wa wote wawili kubeba nakala ileile huongezeka. Kwa familia za kwetu Pwani, Zanzibar na jamaa wa Oman ambako ndoa za binamu ni jambo la kawaida, litaje hilo kwa daktari bila haya. Hakuna aliyeroga, na hakuna wa kuombwa msamaha.

## Hatua ya 8: Nenda kliniki na maneno yaliyo tayari

Daktari mwenye foleni ndefu atakupa dakika chache. Ukisema "mtoto anatoka damu kwenye fizi" utarudi nyumbani na ushauri wa kuswaki. Sema hivi: "Daktari, nimemswaki mwanangu wiki mbili, ukoga umeisha, lakini damu inatoka kwenye gego la kwanza na meno mawili ya mbele. Hizi hapa picha na tarehe. Baba yake alipoteza meno akiwa kijana."

Omba apimwe kina cha fizi na apigwe eksirei ya magego. Kwa mtoto mzima, ukingo wa mfupa huwa takriban milimita 1 hadi 2 chini ya mahali taji linapokutana na mzizi. Ukiwa umeshuka zaidi, mfupa unaliwa. Kulingana na ulichokiona hatua ya 6 na 7, uliza kuhusu picha kamili ya damu, sukari, VVU na alkalini fosfatasi. Kwa ule wa mizunguko, kipimo kimoja cha damu hakitoshi: siku mbaya inaweza kuwa imepita. Hupimwa mara mbili au tatu kwa wiki kwa wiki sita. Kipimo cha jeni kwa kawaida huombwa na hospitali ya rufaa, na si lazima kisubiriwe ndipo fizi zitibiwe.

Ukijibiwa "ni meno ya utoto, yatang'oka tu", omba kwa heshima uandikiwe rufaa. Ugonjwa unaokula mfupa wa meno ya utoto unaweza kuyasubiri ya ukubwani.

Tiba ya bakteria wakali ni kukwangua chini ya fizi kwanza, kisha antibayotiki. Mara nyingi ni amoksilini pamoja na metronidazoli, kwa uzito wa mtoto. Mpangilio huo una sababu: utando wa bakteria haupenywi vizuri na dawa mpaka uvunjwe. Ndiyo maana vidonge vya kununua duka la dawa, bila kukwangua, hutuliza wiki moja na ugonjwa ukarudi. Tetrasaiklini asipewe mtoto chini ya miaka 8, itatia madoa ya kudumu kwenye meno yanayojengeka.

## Hatua ya 9: Tibu nyumba, si mtoto mmoja

Bakteria hawa hupita kwa mate kati ya watu wa nyumba moja, na jeni hurithiwa kutoka kwa wazazi. Kwa hiyo ndugu zake wote wapite hatua ya 1 hadi ya 4, hasa wenye miaka 6 hadi 15. Baba au mama mwenye fizi zinazovuja atibiwe wakati huohuo. Kila mtu awe na mswaki wake, usiokaa kikombe kimoja na wengine nyuzi zikigusana, na chakula cha mtoto mchanga kisitafuniwe mdomoni mwa mkubwa. Kumbusu mtoto hakuna haja ya kuacha.

Baada ya tiba, rudi kliniki kila miezi mitatu, hata kama hakuna damu. Daktari apime kina cha fizi kwenye meno yaleyale na aandike namba. Dai namba hizo uziandike kwenye daftari lako pia. Kina kikipungua, damu ikakoma na jino lililokuwa likicheza likakaza, tiba imefanya kazi. Kina kikiongezeka kwenye jino hata moja, rudini kwenye kukwangua mapema, msingoje miezi mingine mitatu.